Aliyerekodiwa Aliomba Radhi, Aliyerekodi Hakuulizwa

Tarehe 10 Septemba 2019, mbunge wa Mtama, Nape Nnauye, alifika Ikulu ya Magogoni kumwomba radhi Rais John Magufuli, akasamehewa mbele ya kamera. Siku chache kabla, Rais alikuwa ametangaza kwamba wabunge wengine wawili, January Makamba na William Ngeleja, nao walishamwomba msamaha naye ameshawapa. Watatu hao hawakuwa wameiba wala kupigana na mtu. Julai ya mwaka huo zilisambaa mitandaoni sauti za mazungumzo ya simu zilizohusishwa na vigogo wa CCM, wakiwamo makatibu wakuu wastaafu Abdulrahman Kinana na Yusuf Makamba, na ndani yake mwenyekiti wa chama, Magufuli mwenyewe, alikuwa akisemwa. Rais alisema amejiridhisha kuwa sauti zile ni zao.

Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi foleni ya pantoni pale Feri, watu walichambua nani kasema nini, nani kacheka na nani kaitikia. Chama kikawaita wazee wake kwenye vikao vya maadili, na Kinana akaondoka na karipio. Katika yote hayo, swali moja lilikosa mwenyewe: nani alirekodi?

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ile inayofahamika kwa jina la EPOCA, inasema katika kifungu cha 120 kwamba kunasa mawasiliano ya mtu bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai, na kuyatangaza au kuyatumia yaliyonaswa kwa njia hiyo ni kosa vilevile. Huenda mmoja wa waliokuwa wakizungumza ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Huenda palikuwa na mtu wa tatu kati yao wasiyemjua. Yote mawili yanawezekana, na ndiyo sababu uchunguzi ulihitajika. Hadi leo umma haujaambiwa. Aliyerekodiwa alitafutwa, akapatikana, akaomba radhi. Aliyerekodi akaachwa aendelee na shughuli zake.

Nalirudia tukio hili kwa sababu linaonyesha pale mjadala wetu wa simu na Serikali unapokwama kila mara. Tunaulizana: je, wanatusikiliza? Hapa Dar es Salaam kila mtu ana jibu lake, na ndiyo maana wengi wakifika kwenye jambo zito hukata maneno na kusema, “Haya tutaongea tukionana.” Swali hilo halitufikishi popote, kwa kuwa kila dola duniani ina masikio na itaendelea kuwa nayo. Swali lenye faida ni la sahihi. Dola ikitaka kuifungua simu yako, nani anaweka sahihi ya kuiruhusu? Na baada ya hapo, nani anaiuliza iliitumiaje ruhusa hiyo?

Katiba yetu ililiona swali hili mapema. Ibara ya 16, iliyoingia pamoja na Haki za Binadamu katika marekebisho ya 1984, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inaongeza uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano. Ila Ibara ya 16 ina fungu la pili ambalo wanaharakati hulisahau na maofisa hulirukia: Katiba inakubali kwamba faragha inaweza kuingiliwa, kwa sharti kwamba uwepo utaratibu wa sheria unaosema katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Ruhusa ya kuingilia imefungwa kwenye utaratibu. Utaratibu ukiwa legelege, ruhusa nayo inayumba.

Tazama basi utaratibu wenyewe. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ilitungwa katika nchi inayojua ugaidi ni nini: Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11. Pamoja na machungu hayo, kifungu chake cha 31 kinamtaka ofisa wa polisi anayehitaji kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani kuomba amri. Milango miwili, na wa pili ni wa jaji.

Njoo sasa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge Aprili 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo. Sheria hii inagusa makosa mengi, kuanzia wizi wa fedha kwa kompyuta hadi habari za uongo zilizoandikwa mtandaoni. Kifungu cha 32 kinasema kwamba taarifa zikihitajika kwa upelelezi au mashtaka, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, anaweza kutoa amri kwa yeyote aliyezishika azitoe. Mahakama inatajwa kama njia ya akiba, pale ambapo taarifa hazipatikani bila amri yake.

Pima mizani hiyo. Anayetuhumiwa kulipua jengo, sheria inataka jaji amtazame kabla simu yake haijanaswa. Anayetuhumiwa kuandika uongo mtandaoni, inatosha sahihi ya mkuu wa kituo, mtu yuleyule ambaye askari wake ndio wanaopeleleza na ambao matokeo ya upelelezi huo yatahesabiwa kuwa mafanikio yao. Simtilii shaka mkuu yeyote wa kituo. Nasema tu kwamba hakuna mtu anayestahili kupewa kazi ya kujiruhusu mwenyewe.

Na hapa historia ina kejeli yake. Muswada wa 2015 ulipokuwa bungeni, mmoja wa waliousimamia na kuutetea kwa nguvu alikuwa naibu waziri wa mawasiliano wa wakati huo, January Makamba. Miaka minne baadaye sauti inayohusishwa naye ikawa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp nchi nzima. Nape naye, aliyeomba radhi Magogoni, alirudi serikalini na kuwa waziri wa habari na mawasiliano kuanzia Januari 2022, na ni katika kipindi chake Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na wanasiasa wetu wameuonja pande zote mbili. Anayetunga sheria ya upelelezi leo akidhani anawatungia wapinzani aikumbuke orodha ya majina ya 2019: wote walikuwa wana wa chama tawala.

Upande wa pili wa hoja nao una uzito, na mahali pa kuusikia ni Kariakoo. Mwulize muuza simu wa Mtaa wa Aggrey kama anataka polisi wafuatilie simu, atakushangaa kwa kuuliza. Simu ikiibwa, mtu anakimbilia kituo cha Msimbazi, anaandikiwa RB, na ombi lake la kwanza ni kwamba simu “itrakiwe.” Mama ntilie aliyetumiwa ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” na akatuma kweli, anataka namba hiyo ijulikane ni ya nani kabla jua halijazama. Oktoba 2018 mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa alfajiri Oysterbay, hakuna aliyetaka polisi wasubiri taratibu za masjala ya mahakama. Ni kwa sababu hizi wananchi walitakiwa kuweka alama za vidole kusajili upya laini zao, na foleni zikawa ndefu hadi Rais Magufuli akalazimika kusogeza mwisho wa zoezi kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020.

Lakini zoezi lile lilibadili uzito wa swali. Tangu hapo kila namba ina kidole, kidole kina kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho kina uso na anwani. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Congo anayeuza vitenge kwa wateja wa Lubumbashi na Lusaka ana kila kitu chake kwenye laini: oda, miamala, madeni, sauti za wateja, na mahali alipolala jana. Siku hizi anayetaka kukujua hana haja ya kukaa na spika masikioni akusikilize. Anachukua orodha ya namba ulizopiga, saa ulizopiga, minara iliyoipokea simu yako na fedha zilizoingia na kutoka. Maneno unaweza kuyapima kabla ya kuyasema. Minara inaandika mwendo wako huku umenyamaza.

Ukubwa wa jambo hili tuliwahi kuuchungulia. Juni 2014 kampuni ya Vodafone, mmiliki mkuu wa Vodacom, ilichapisha idadi ya maombi ya taarifa za wateja yaliyotoka kwa vyombo vya dola katika nchi inamofanya kazi. Kwa Tanzania, kwa mwaka mmoja ulioishia Machi 2014, idadi ilikuwa 98,765. Gawanya kwa siku za mwaka: maombi zaidi ya 270 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa mtandao mmoja tu. Sina shaka mengi yalihusu simu zilizoibwa na matapeli. Ila kumbuka kwamba hiyo ilikuwa kabla ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, kabla ya alama za vidole, na wakati simu janja zilikuwa bado za wachache.

Kilichofuata kimetokea mbele ya macho yetu. Katika kesi ya ugaidi iliyomkabili mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, na wenzake watatu, mwanasheria wa kampuni ya simu alipanda kizimbani mwanzoni mwa 2022 kueleza jinsi polisi walivyoomba kwa barua taarifa za wateja na jinsi zilivyotolewa. Mitandaoni watu walipigwa na butwaa, wengine wakatishia kutupa laini zao. Hasira ile ilikosea mlango. Shahidi alieleza kazi ya kawaida ya ofisi yake, na ukawaida huo ndio uliopaswa kutushtua. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliifuta kesi na washtakiwa wakatoka. Barua ilibaki kuwa barua.

Septemba 2024 likaja zito zaidi. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyowasilishwa kwenye baraza la ajira la London na mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Tigo kabla ya kuiuza mwaka 2022. Alidai kwamba kampuni hiyo iliipa Serikali ya Tanzania taarifa za mahali ilipokuwa simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia 7 Septemba 2017, siku aliyomiminiwa risasi Dodoma. Madai ni madai, na hakuna mahakama iliyosema waliotafuta simu ndio waliofyatua risasi. Hata hivyo hebu tuulize swali la sahihi. Kama taarifa hizo ziliombwa, nani aliziomba, kwa kosa gani lililokuwa likipelelezwa, na nani aliruhusu? Nchi yenye utaratibu ingefungua jalada na kujibu kwa siku moja. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 ilipotungwa iliandika wazi kwamba si kazi ya idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu anapinga au kuandamana kwa njia halali. Maneno mazuri kabisa. Yanakosa kitu kimoja: mtu wa nje ya idara mwenye uwezo wa kufungua jalada na kuona kama yamefuatwa.

Wapo wanaosema kampuni za simu zingekuwa na ujasiri zaidi. Wamtazame aliyejaribu. Polisi walipoiandikia kampuni inayoendesha jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums wakitaka kuwajua baadhi ya waandishi wake wasiotumia majina halisi, kampuni ilikataa. Ilikwenda pia Mahakama Kuu kupinga kifungu cha 32, na kifungu kikabaki mahali pake. Desemba 2016 mkurugenzi wake, Maxence Melo, alikamatwa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Weka matukio hayo pamoja na uyasome kama anavyoyasoma mwanasheria wa kampuni yoyote ya simu: anayetoa taarifa analala nyumbani kwake, anayeuliza maswali anapanda kizimbani. Sheria iliyopangwa hivyo inafundisha utii, na ujasiri inaupeleka Kisutu.

Majirani wamepita njia hii kwa mwendo tofauti. Kenya, mamlaka ya mawasiliano ilipotaka kufunga mfumo wa kutambua simu bandia ndani ya mitambo ya kampuni, mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliuzuia 2018, Mahakama ya Rufani ikatengua 2020, na 2023 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa ya chama cha wanasheria. Serikali ilishinda, ila ilishinda baada ya kueleza hadharani kwa miaka mitano mfumo unafanya nini na haufanyi nini. Sisi simu bandia tulizizima usiku mmoja, Juni 2016, na kulipokucha mjadala uliosikika Kariakoo ulikuwa wa bei ya simu mpya.

Uganda inatufundisha kwamba jaji peke yake hatoshi. Sheria yao ya 2010 inataka kibali cha jaji kabla ya kunasa mawasiliano. Ila ripoti ya shirika la Privacy International ya 2015 ilieleza operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Fungua Macho, ambamo programu ya udukuzi ilidaiwa kutumiwa dhidi ya wapinzani na waandishi baada ya uchaguzi wa 2011. Serikali ya Uganda ilikanusha. Kibali kinachoombwa gizani, kikatolewa gizani na kufungiwa kabatini hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha chochote.

Dawa ya giza hilo imepatikana Afrika Kusini. Februari 2021 Mahakama ya Katiba, katika shauri la kituo cha waandishi wa uchunguzi amaBhungane, ilisema sheria ya nchi hiyo ya kunasa mawasiliano inakwenda kinyume cha Katiba kwa sababu, pamoja na kasoro nyingine, mtu aliyenaswa haambiwi kamwe, hata upelelezi ukiisha. Mahakama ikaweka kanuni ya muda: ndani ya siku 90 tangu kibali kiishe, mhusika ajulishwe, isipokuwa jaji akiridhika kwamba kumjulisha kutaharibu kazi. Marekani nako, Juni 2018, Mahakama ya Juu iliamua shauri la mtu aliyetiwa hatiani kwa ujambazi kwenye maduka ya simu. Polisi walikuwa wamechukua kumbukumbu za minara za siku 127 bila hati ya upekuzi. Majaji watano kwa wanne walisema mwendo wa mtu kwa muda mrefu namna hiyo ni faragha yake, na polisi waombe hati. Hakuna aliyesema majambazi waachwe.

Sisi tuna nafasi ya kutengeneza bila kusubiri maafa mengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Huo ni ushahidi kwamba mahakama zetu zinaweza kuisoma Ibara ya 16 kwa makini zikiombwa. Ila sheria hiyo imeweka misamaha kwa mambo ya usalama na upelelezi, kwa hiyo mlango mkubwa kuliko yote, ule wa kifungu cha 32, umebaki kama ulivyokuwa.

Ninachopendekeza kinaenea kwenye ukurasa mmoja wa marekebisho. Mosi, maudhui ya mawasiliano, orodha ya simu zilizopigwa na taarifa za mahali mtu alipo vitolewe kwa amri ya jaji au hakimu, na pawepo na zamu yao usiku na mchana ili polisi wasipate kisingizio. Pili, mtu akitekwa au uhai ukiwa hatarini, polisi wachukue taarifa palepale, kisha ndani ya saa 48 waende mbele ya jaji kueleza walichokifanya. Tatu, mwenye laini aambiwe upelelezi ukiisha. Nne, kampuni inayokataa ombi lisilo na amri ya mahakama isihesabiwe kuwa imezuia upelelezi. Tano, idadi ya maombi, kwa kila mtandao na kila chombo kilichoomba, itangazwe kila mwaka.

Najua jibu litakalokuja: mambo ya usalama hayajadiliwi sokoni. Wafanyabiashara wa Kariakoo walishalijibu mwaka 2023. Mei ya mwaka huo walifunga maduka hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Hawakusema hawatalipa kodi. Walisema wamechoshwa na kamatakamata, wanataka kujua nani ana haki ya kuingia dukani, lini, na kwa hati gani. Serikali haikuanguka kwa kusikiliza hoja hiyo, wala kodi haikukoma. Simu haina tofauti na duka lile: mwenyewe hakatai mgeni mwenye hati.

Magogoni na Kariakoo ziko ndani ya jimbo moja, la Ilala. Mbunge wake hahitaji kupigana na dola wala kujitia wakili wa wahalifu. Bajeti ya wizara ya mawasiliano ikisomwa Dodoma, na laini zilizosajiliwa nchini zikiwa zimepita milioni 80, asimame amuulize waziri swali lenye jibu la namba mbili tu: mwaka uliopita kampuni za simu zilipokea amri ngapi za kutoa taarifa za wananchi, na ngapi kati ya hizo zilikuwa na sahihi ya jaji?